Nusu ya maneno ilinifikisha kwenye dripu

Mhariri,

Mimi ni mshonaji wa madera na mabuibui hapa Kibokoni. Mwaka jana nilikatwa mfuko wa chakula ili nipungue uzito. Nilikuwa na kilo 131, na ngazi za nyumba yetu nikizipanda kwa vituo kama basi la Malindi. Kaka yangu aliyeko Maskati ndiye aliyegharimia. Upasuaji ulikwenda salama, namshukuru Mungu, na leo nimepungua kilo 38. Ninachokuletea ni habari ya karatasi niliyopewa siku ya kutoka hospitali.

Ilikuwa kurasa nane, Kiingereza kitupu, vipimo vyake aunsi. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyenisomea, ndani ya tuktuk. Alipofika penye habari ya maji akasema, "Mama mdogo, hapa wamesema usinywe pamoja na chakula." Nikalishika hilo. Sasa wiki zile za mwanzo chakula chenyewe ni supu na uji mwepesi, kijiko kijiko, tangu asubuhi hadi usiku. Kama kutwa nzima unakula, maji utayanywa saa ngapi? Sikunywa. Na ulikuwa mwezi wa Machi, pangaboi inazungusha joto tu. Mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, nikiinuka kitandani naona giza. Wiki ya pili nikarudishwa hospitali, nikatundikiwa dripu mbili.

Daktari kijana wa zamu ndiye aliyenimalizia ile nusu iliyobaki, kwa Kiswahili, huku akinichorea nyuma ya boksi la glavu. Mfuko wa mtu mzima, akasema, ni kama kiriba; wako umebaki mwembamba, umbo la ndizi. Chakula na maji havina nafasi ya kukaa pamoja. Ukimimina maji juu ya tonge, ama vyote vinapanda juu kwa maumivu na kutapika, ama maji yanakisukuma chakula chini hata hujahisi kushiba, na njaa inarudi upesi. Kwa hiyo acha kunywa kitambo kidogo kabla ya kula, na ukishakula subiri nusu saa. Lakini kwa siku lita moja na nusu ziingie mwilini, funda moja moja.

Mimi nilielewa. Bi mkubwa, mama yangu, yeye alichokiona ni dripu tu. Tangu siku ile hakuna nilipoketi bila gilasi kufuata.

Wiki ya saba palikuwa na harusi Kuze. Tukakaa watano kwenye sinia la biriani. Nikachambua kuku, nikatafuna mpaka akawa uji, vitonge vitatu. Bi mkubwa pembeni: "Kunywa mwanangu, usije ukarudi kule." Juisi ya ukwaju, baridi, na mimi nina kiu. Nikanywa nusu gilasi. Hata dakika mbili hazikufika. Kifuani kama mtu kanipigilia kabari, mate mazito ya povu yakajaa mdomoni, nikakimbilia msalani nimeshika dera mkononi. Niliporudi, wanawake wa sinia lile washakubaliana kwamba nina mimba. Nina miaka 46, na mume wangu ni baharia, yuko melini tangu Mfungo Mosi.

Sasa nina utaratibu wangu. Kikombe changu cha kahawa chungu nilikipima kwa kifuniko cha dawa: kinaingia mililita 60. Vikombe 25 ndiyo hiyo lita moja na nusu. Naweka vifungo 25 kwenye kopo kushoto kwa cherehani. Kila kikombe kikiisha, kifungo kimoja kinahamia kulia. Nikishakula natia pindo la dera, taratibu. Likiisha, nusu saa imeshapita, naanza tena kuhamisha vifungo. Changu wa kupaka hunishuka vizuri kwa sababu hakauki, ugali hunikwama. Soda nimeacha, gesi yake haina pa kwenda. Juisi ya miwa niliijaribu mara moja pale Makadara, sukari yake yote ikateremka utumboni kwa mpigo, moyo mbio, jasho chapachapa, nikajiketia kwenye baraza ya watu nisiowajua.

Ombi langu kwa hospitali zinazofanya upasuaji huu hapa Pwani ni karatasi ya Kiswahili. Iwe na uji, madafu na mchuzi wa nazi, na vipimo vya vikombe tulivyo navyo majumbani. Tena anayepika aitwe, aelezwe pamoja na mgonjwa. Siku ile naelezwa mimi nilikuwa nimelewa dawa za maumivu. Bi mkubwa alikuwa nje kwenye benchi, mzima, macho makavu, na hakuna aliyemwita.

Jirani yangu mwalimu amenisaidia kuandika ukurasa mmoja, na daktari yule wa zamu akausahihisha mahali pawili. Wetu tumeubandika kwenye mlango wa friji. Hospitali itakayouhitaji, nakala ipo, sitozi kitu.

Jina kapuni,
Kibokoni, Mombasa