Salamu za Krismasi, na majina yanayopita mwishoni

Ndugu, jamaa na marafiki,

Natumaini salamu hizi zinawakuta salama salimini. Kwanza kabisa tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuvusha hadi mwisho wa mwaka huu wa 2025, kwa maana wapo wengi tuliouanza nao na leo hatunao. Kwa niaba yangu na ya wote nyumbani kwetu, nawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya.

Miaka mingine salamu zangu huishia hapo. Mwaka huu mnivumilie kidogo, nina la moyoni.

Juzi usiku usingizi ulinipaa, nikaketi kutazama upya kipindi cha kwanza cha katuni ya The Simpsons. Kilirushwa Marekani tarehe 17 Desemba 1989, nacho ni kipindi cha Krismasi. Wengi mnakijua. Homer, baba wa familia ya Simpson, anasubiri bonasi ya sikukuu, bosi anatangaza kwamba safari hii wafanyakazi hawapati kitu. Akiba ya mkewe Marge iliyokuwa ndani ya chupa imeishia kumfutisha mtoto wao Bart tatoo aliyojichoresha mkononi. Baba wa watu anajificha ndani ya ndevu za Baba Krismasi madukani, anapakata watoto wa wenzake, na siku ya malipo anakabidhiwa dola 13. Utotoni nilikuwa nacheka hadi machozi. Juzi, nilipomwona ameikodolea macho hundi ile, sikucheka. Mwaka huu bei zilivyopanda nami nimesimama pale aliposimama yeye, nikihesabu na kuhesabu tena kana kwamba hesabu itanihurumia, na najua sikuwa peke yangu.

Kilichonikaa zaidi kilikuja mwishoni, majina ya waliokitengeneza yalipoanza kupita.

Watu wa Springfield, mji wa katuni hiyo, hawazeeki. Bart ana miaka 10 tangu 1989, dada yake Lisa ana 8, Maggie hajaacha kuwa mtoto mchanga. Kwa hiyo ni rahisi kusahau kwamba nyuma yao kuna binadamu wenye umri, maradhi na familia. Tarehe 29 Mei mwaka huu alifariki mtunzi wa muziki Alf Clausen, akiwa na miaka 84. Alianza kazi hiyo mwaka 1990 akaifanya hadi 2017, wiki kwa wiki, akiandikia okestra ya wapigaji 35 kwa ajili ya katuni ya dakika 20 na kitu. Homer akikimbia, akipenda, akijuta, nyuma yake kuna vinanda na tarumbeta halisi, zimepigwa na watu waliokaa chumba kimoja. Nyimbo za katuni hiyo mlizoimba utotoni mkidhani ni za zamani, nyingi alizitunga yeye. Jirani yangu mmoja aliposikia habari ya kifo chake aliniuliza, "Ndiye nani huyo?" Swali hilo liliniuma, kwa sababu muziki wa mtu huyo alikuwa akiupiga mluzi.

Na mhariri wa muziki aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo, marehemu Chris Ledesma, alikuwa ametangulia Desemba ya 2022. Alikuwamo tangu mwanzo, miaka 33. Kipindi kilichorushwa siku ya Mwaka Mpya 2023 kilimalizika kwa kumkumbuka.

Desemba ina marehemu wake. Doris Grau alifariki tarehe 30 Desemba 1995, katikati ya sikukuu mbili. Kazi yake hasa ilikuwa kusimamia hati za mazungumzo, kuhakikisha kila neno liko mahali pake. Lakini wenzake waliipenda sauti yake iliyokwaruza, wakamtengenezea mama wa jikoni pale shuleni kwa kina Bart, mwenye jina lake, Doris. Alipoondoka, mama yule aliendelea kuchorwa nyuma ya sufuria zake, ila kwa miaka mingi hakupewa mtu mwingine wa kumsemea.

Phil Hartman, mmoja wa waliowapa wahusika sauti, aliuawa nyumbani kwake tarehe 28 Mei 1998, akiwa na miaka 49. Sitaeleza zaidi. Wahusika aliowasemea, mwigizaji Troy McClure na wakili Lionel Hutz, walizikwa naye. Kipindi chake cha mwisho kilirushwa Septemba ya mwaka uleule, na wenzake wakakitoa kwa kumbukumbu yake.

Kisha Mwalimu Edna Krabappel, aliyemfundisha Bart. Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo.

Marehemu Marcia Wallace, sauti ya Edna, alifariki tarehe 25 Oktoba 2013, siku chache tu kabla ya kutimiza miaka 71. Saratani ya matiti ilimkuta mwaka 1985, akaishinda, akatumia miaka iliyofuata kuwahimiza wanawake wenzake wakapimwe mapema. Sauti ile ilimpatia Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka 1992. Alipofariki, watayarishaji wangeweza kutafuta mwigizaji mwingine wa kuiga cheko lake lile fupi, kavu, la mwalimu aliyechoka. Hawakumtafuta. Tarehe 3 Novemba Bart alisimama mbele ya ubao ambao miaka yote huandikishwa adhabu, sentensi ileile mpaka nafasi iishe. Safari hii aliandika mara moja tu, kwamba watamkumbuka sana Mwalimu K. Uso umemshuka, na ubao wote uliobaki ni mtupu. Mwaka uliofuata tukamwona Ned Flanders, mumewe katika katuni, amefunga kitambaa cheusi mkononi, analililia cheko lile. Na Nelson, mtoto mwonevu anayecheka kila wenzake wanapoumia, alitokea dirishani, akacheka kama kawaida yake, kisha akakiri kwamba hata yeye anamkumbuka.

Kaka yangu alikuwa bingwa wa kuigiza cheko hilo la Edna. Wengi wenu mlikuja kumzika pamoja nasi mwezi wa tatu, na sijapata maneno ya kuwashukuru. Tulipokuwa wadogo, kipindi kikiisha mimi mbio kubadilisha chaneli, yeye anaishikilia rimoti. "Tulia, watu wamefanya kazi, soma hata majina yao." Tulikuwa hatujui kuyatamka. Alikuwa akiyasoma kwa sauti, moja moja, mpaka skrini inakuwa nyeusi. Juzi niliyasoma yote peke yangu, na nilipofika kwa Alf Clausen nikageuka kumwangalia.

Kwenye simu yangu kuna ujumbe wake wa sauti wa sekunde 11. Sijaufuta, na sijaweza kuufungua.

Tangu tulipomzika, jambo moja lilikuwa linatusumbua nyumbani. Sala ya Krismasi kabla ya kula aliiongoza yeye tangu baba alipofariki. Mimi nilitaka mwaka huu tusimame kimya tu, nafasi yake ibaki wazi, kama walivyomfanyia Edna. Mama alikataa. Alisema binti wa marehemu ana miaka 12, anajua kusali, ataongoza yeye. Nilikasirika, nikaona tunaharakisha kumsahau.

Ndipo nikamkumbuka Russi Taylor. Huyu alikuwa sauti ya Martin Prince, yule mtoto mwenye akili nyingi kuliko marafiki, na ya mapacha Sherri na Terri, mbali na Minnie Mouse, panya wa katuni za Disney, aliyempa sauti tangu 1986. Mume wake, Wayne Allwine, alikuwa sauti ya Mickey, naye alitangulia mwaka 2009. Russi alifariki tarehe 26 Julai 2019, akiwa na miaka 75. Martin hakunyamazishwa. Alipewa mwigizaji mwingine, na mtoto yule bado ananyoosha mkono darasani. Siku nilipoisikia sauti mpya nilinuna, nikasema wamemuuza marehemu. Leo sisemi hivyo. Mtu aliyekubali kuiingia sauti ile lazima alikaa akamsikiliza Russi kwa makini kuliko sisi sote, kila pumzi, kila kupanda na kushuka. Kumsikiliza marehemu namna ile ni kumwombea. Nikarudi kwa mama nikamwomba radhi.

Ndugu zangu, Waswahili tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Sikukuu hii naomba tuupinge msemo huo. Lake lipo. Lipo katika wimbo unaoupiga mluzi, katika neno ambalo mtu fulani alihakikisha halikosewi, katika mstari ambao mchoraji alikesha kuunyoosha na jina lake likapita kwa nusu sekunde. Kila nyumba ina watu wa namna hiyo, na kila kazi inao: anayefungua mlango asubuhi, anayepanga viti, anayerekebisha makosa ya mkubwa bila kumwaibisha. Wapigieni simu wangali hai. Tusingoje mtu afe ndipo tumwandikie ubaoni. Na wewe uliyebarikiwa kuwa bosi, mwogope Mungu, walipe watu wako kabla ya sikukuu, kwa maana yuko mzazi anayehesabu na kuhesabu tena.

Na mwenye nacho amwangalie Sam Simon. Aliijenga katuni ile pamoja na Matt Groening na James L. Brooks. Aliacha kazi mwaka 1993, lakini jina lake liliendelea kuandikwa na mapato yakaendelea kumfuata. Mwishoni mwa 2012 madaktari walimweleza kwamba saratani ya utumbo imeenea, amebakiwa na miezi michache. Aliishi hadi tarehe 8 Machi 2015, akiwa na miaka 59, na muda huo aliutumia kuigawa mali yake. Ililisha familia zisizo na chakula, ikaokoa wanyama. Taasisi yake ilikuwa ikichukua mbwa waliotelekezwa na kuwafundisha kuwasaidia viziwi. Mnakumbuka kipindi kile cha kwanza kinavyoisha? Homer anaziweka fedha zake kwenye mbio za mbwa, mbwa wake anashika mkia, mwenye mbwa anamfukuzia gizani, naye Homer na Bart wanamchukua kwenda naye nyumbani. Ndiye zawadi yao ya Krismasi, na nyumba nzima inafurahi. Kila nikiiona sehemu hiyo sasa namwona Sam.

Basi, nisiwachoshe. Siku ya Krismasi binti wa kaka ataongoza sala, nami nitasimama kando yake. Ameniomba orodha ya marehemu wa kuwataja, nimemwandikia wa kwetu, na chini nikaongeza Doris, Phil, Marcia, Sam, Russi, Chris na Alf. Aliniuliza kama ni ndugu zetu. Nikamwambia baba yake alikuwa akiyasoma majina yao.

Mwenyezi Mungu awapumzishe kwa amani, awafariji waliofiwa, awafungulie riziki waliobanwa. Nawatakia tena Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya 2026.

Ni mimi ndugu yenu.