Yah: Malalamiko kuhusu mfuko wa madini ya mbuzi usioandikwa viwango, na kifo cha beberu wangu

Chanika, Ilala,
Dar es Salaam.
14 Julai 2025

Meneja,
Kiwanda cha Madini ya Mifugo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfugaji wa mbuzi wa maziwa hapa Chanika na nimekuwa mteja wenu kwa miaka sita. Ninaandika kwa sababu mfuko wenu mpya wa madini hauna namba hata moja inayoeleza ndani mna kiasi gani cha nini, na kwa sababu nimepiga simu ofisini kwenu mara nne kuuliza jambo moja tu, nikakosa jibu: kalsiamu ni asilimia ngapi, na fosforasi ni asilimia ngapi?

Mfuko wa zamani ulikuwa na jedwali nyuma. Kalsiamu, fosforasi, chumvi, shaba, zinki, madini joto, kobalti, kila kimoja na kiwango chake. Afisa mifugo wa kata alikaa nami bandani akalisoma lile jedwali, akanipigia hesabu: pumba ya mahindi isizidi kiasi hiki, majani ya lusina, ule mti wa malisho, yawe mengi, na beberu aongezewe chokaa ya mifugo kidogo ili apate kalsiamu. Alinieleza kwamba pumba ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna, na kwamba kwa dume chakula chote kwa jumla kinatakiwa kiwe na kalsiamu kama mara mbili ya fosforasi. Nikaandika ukutani kwa mkaa. Maandishi yale yapo hadi leo.

Mwezi Machi duka ninalonunulia, Gongo la Mboto, likanipa mfuko mpya wa kilo 25. Una picha ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wamesimama pamoja, na maneno "kwa wanyama wote wanaocheua". Jedwali halipo. Kuna majina ya madini bila viwango, kisha maelekezo: kilo 1 kwa kilo 50 za pumba. Chini yake mmeandika kwamba madini haya yamekamilika, mfugaji asiongeze chokaa wala kitu kingine. Nikamuuliza kijana wa dukani, akasema, "Mama, ni yale yale, wamebadilisha mfuko tu." Nikaamini kwa kuwa jina ni lenu. Nikaacha chokaa, kama mlivyoelekeza.

Beberu wangu aliyekufa nilimtoa Mgeta, Morogoro, kwenye mbuzi wale wa maziwa wenye asili ya Norwei waliopelekwa huko miaka ya 1980. Nilimbeba akiwa mdogo, na mbuzi wote wachanga waliopo bandani kwangu leo ni wake. Mwishoni mwa Juni nilimkuta amesimama kajinyoosha, miguu ya nyuma ameirudisha mbali, mkia unatikisika, anajikamua na kulia. Nikadhani amefunga choo. Nikamnywesha mafuta ya kula, nikapoteza saa nyingi kwa dhana hiyo. Daktari wa mifugo alipofika hakugusa tumbo kwanza. Aliinama akatazama nywele za pale mkojo unapotokea. Akanionyesha. Zilikuwa zimeshikana, na juu yake chembe nyeupe ngumu, kama chumvi iliyokaukia kwenye kamba ya jahazi. Ukizisugua kwa vidole zinakwaruza. Nilikuwa nimeziona siku kadhaa kabla nikadhani ni vumbi la pumba.

Akanieleza kwamba ni vijiwe vya mkojo, ambavyo hutokea fosforasi ikizidi kwenye chakula na kalsiamu ikipungua. Mrija wa mkojo wa beberu ni mrefu na mwembamba, una kona katikati, na kwenye ncha ya uume una kimrija kidogo kama uzi wa taa ya kibatari. Kijiwe kikinasa hapo, hakuna kinachopita. Alikikata kile kimrija, yakatoka matone ya mkojo wenye damu, kisha pakaziba tena huko juu. Akamdunga dawa ya maumivu. Jirani alinishauri nimchinje kabla hajafa, lakini kwa kuwa alishadungwa dawa sikuweza kumlisha mtu nyama ile.

Asubuhi ya siku ya pili nilimkuta ametulia. Halii, hajikamui. Nikamshukuru Mungu, nikampigia daktari kumpa habari njema. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama kuna mkojo chini. Sakafu ilikuwa kavu. Akasema, "Mama, pole. Kibofu kimepasuka. Ndiyo maana maumivu yametulia." Jioni tumbo lilikuwa limejaa maji pande zote mbili, na kabla ya Isha alikuwa amekufa. Tulipompasua, kibofu kilikuwa na tundu na ndani mna mchanga wa kijivu unaojaa kijiko cha chai. Nimeuhifadhi kwenye chupa.

Nilichota madini yenu nikayapeleka maabara kwa gharama yangu. Majibu: kalsiamu asilimia 12, fosforasi asilimia 11. Mfuko wa zamani, ambao ninao bado, unasema 20 kwa 8. Hayo si yale yale, Ndugu Meneja. Kwa ng'ombe anayekamuliwa huenda hakuna ubaya. Kwa beberu anayekula pumba ni kumwongezea kile ambacho tayari kimezidi, huku mkimzuia mwenye mbuzi asiongeze kile kinachopungua.

Kijana wenu wa simu aliniambia hakuna mteja mwingine aliyelalamika. Naomba mlifikirie jibu hilo vizuri. Wateja wenu wengi tunafuga majike kwa ajili ya maziwa, na jike mrija wake ni mfupi na mpana, mchanga kama ule unapita bila mtu kujua. Madume wengi huuzwa mnadani Pugu wakiwa wadogo, wanaishia machinjioni Vingunguti kabla vijiwe havijakua. Na yule anayechunga porini, mbuzi wake wanakula majani ya miti siku nzima, na majani ya miti yana kalsiamu ya kutosha. Anayeumia ni sisi wa mjini tunaofungia mbuzi bandani, hatuna pori, tunategemea gunia la pumba na mfuko wenu, tena wachache wetu wanaofuga beberu mpaka anakuwa mtu mzima. Hasa mwenye dume aliyehasiwa mapema, kwani huyo mrija wake unabaki mwembamba zaidi. Sisi ni wachache, na wengi wetu tukifiwa tutasema mbuzi alifunga choo, kama nilivyosema mimi.

Sikatai kwamba pumba nilimpa mimi, na kwamba wakati huu wa kiangazi lusina ilipungua. Ndiyo sababu nilihitaji namba. Mtu akijua kilichomo anaweza kurekebisha kwa majani, kwa chokaa, kwa kuongeza maji ya kunywa. Asipojua anafuata maelekezo ya mfuko, na mimi niliyafuata.

Jambo jingine, ingawa halikunipata mimi. Hiyo picha ya mbuzi na kondoo kwenye mfuko mmoja inanitia hofu. Mbuzi anahitaji shaba kuliko kondoo. Jike akiikosa akiwa na mimba anaweza kuzaa watoto wanaoyumba miguu ya nyuma. Kondoo naye shaba hujikusanya kwenye ini lake mpaka siku moja imuue. Kiwango kinachomfaa mmoja kinaweza kumkosesha mwingine au kumdhuru. Shaba mmeitaja jina tu. Mwenye kondoo afanye nini?

Simu ya tatu niliambiwa, "Mama, fomula ni siri ya kampuni." Sikuomba mnavyochanganya wala mnakonunua malighafi. Niliomba kiwango cha kilichomo, kile mlichokuwa mkikiandika wenyewe kwa miaka yote. Nchi yetu ina sheria ya malisho na vyakula vya mifugo tangu mwaka 2010. Chakula cha mnyama si kitu cha kuuziana gizani.

Ninaomba mrudishe jedwali kwenye mfuko, na mistari ile ya kumkataza mfugaji asiongeze chokaa iondolewe au ielezwe ni kwa mnyama yupi. Kwa mifuko iliyokwisha kwenda madukani, wapeni wauzaji karatasi yenye viwango waibandike ukutani. Kijana wa Gongo la Mboto hakunidanganya, naye hakuambiwa. Gharama za daktari na za maabara nitazidai, risiti ninazo. Kuhusu thamani ya beberu nipo tayari tukae tuzungumze, lakini siyo kabla sijajibiwa kwa maandishi kama mlibadilisha mchanganyiko, na tangu lini.

Nina kilo kama tisa zimebaki kwenye mfuko, nimezifunga na namba ya toleo inasomeka. Mkituma mtu wenu aje achukue sampuli mbele ya afisa mifugo wa kata. Aje mapema, kwani nina beberu mdogo wa miezi mitano, mtoto wa yule aliyekufa, na jirani zangu wawili bado wanalisha kutoka kwenye mifuko kama huu.

Mteja wenu,
Mfugaji wa mbuzi wa maziwa, Chanika.

Nakala: Afisa Mifugo wa Kata.