Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: kabla ya vihisi vya vumbi, nunua mizani

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Ununuzi wa vihisi vya vumbi na chembechembe za hewani

Pokea salamu zetu, sisi ambao kazi yetu ya kila siku ni kupima vumbi linaloelea hewani. Nia ya wizara yako ya kutandaza vihisi mji mzima na kuwafikishia wananchi matokeo kwenye simu zao tunaiunga mkono. Ombi letu ni moja. Kabla hujatia saini ununuzi wa kihisi hata kimoja, hakikisha ipo mizani, kipo chumba cha mizani, na yupo mtu aliyeajiriwa kukitunza. Zabuni isiyo na mizani itakuletea namba tele, na siku mwenye kiwanda atakapozipinga mahakamani hatapatikana wa kuzitetea.

Sababu ni kwamba viwango vya afya vya vumbi la hewani vimeandikwa kwa uzito. Chembe zinazotuhusu ni PM10, zenye kipenyo cha hadi mikromita 10, na PM2.5, zisizozidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa mikromita 50 hadi 70. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka wastani wa PM2.5 kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na wa saa 24 usizidi 15. Kwa PM10 ni 15 kwa mwaka na 45 kwa saa 24.

Kihisi cha bei nafuu hakipimi uzito. Ndani yake mna feni ndogo ya kuvuta hewa, mwale wa leza, na jicho la kunasa mwanga unaotawanywa na chembe zikipita. Kutokana na mwanga huo, programu yake inakisia ukubwa wa chembe, kisha idadi, kisha uzito, kwa kudhani kwamba chembe zote zina msongamano na rangi ya namna moja. Moshi wa kuni, masizi ya dizeli, chumvi ya bahari na vumbi la barabara ya udongo havitawanyi mwanga kwa namna moja hata kidogo. Ni sawa na kukadiria uzito wa gunia kwa kutazama kivuli chake.

Unyevu ndio unaoharibu zaidi. Ukipita asilimia 80 hivi, chembe zenye chumvichumvi hunywa maji na kuvimba. Kihisi huona chembe nene kikatangaza hewa chafu, kumbe ni ukungu wa alfajiri tu. Vumbi nene nalo hukosewa upande wa pili. Vihisi vingi vya aina hii haviioni vizuri chembe inayozidi mikromita 2 au 3. Namba ya PM10 vinayoitoa ni makisio yaliyotokana na chembe laini, hivyo dhoruba ya vumbi inaweza kupita juu ya kihisi na namba isitikisike inavyostahili. Mheshimiwa, jambo hili lina uzito kwa wanaoishi kando ya machimbo na barabara zisizo na lami. Malalamiko yao yakipimwa kwa kihisi cha leza pekee, jibu litakalotoka litakuwa kwamba hakuna tatizo.

Upo pia mtego mdogo ambao hauandikwi kwenye matangazo. Baadhi ya vihisi hutoa safu mbili za namba za PM2.5 kwa hewa ileile. Hewa ikiwa safi safu hizo hulingana. Ikichafuka, ya pili hushuka taratibu hadi kufikia theluthi mbili ya ya kwanza. Fomula ya awali ambayo Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani liliitoa ili kusahihisha vihisi vya PurpleAir, aina moja ya vihisi hivi vya leza, inaanza na safu ya kwanza, ile ya juu: zidisha namba kwa 0.524, toa asilimia ya unyevu iliyozidishwa kwa 0.0862, kisha jumlisha 5.75. Kihisi kikisoma 60 na unyevu ukiwa asilimia 70, jibu ni 31 na kidogo. Namba imekatwa karibu nusu. Ukiingiza safu isiyo yake, unaikata mara ya pili bila kujua. Na fomula yenyewe ilipatikana kwa kulinganisha vihisi na vifaa rejea katika hewa ya Marekani, kwa moshi na unyevu wa huko. Kuichukua kama ilivyo na kuitumia penye vumbi jekundu ni kubahatisha.

Hapo ndipo mizani inapoingia. Njia ya kupima kwa kichujio ni ya polepole na inachosha, lakini ndiyo ambayo nyingine zote hupimwa kwayo. Pampu huvuta hewa lita 16.67 kwa dakika, ambayo ni mita moja ya ujazo kwa saa. Chembe nene huondolewa njiani, na zilizobaki hunaswa kwenye kichujio cha teflon chenye kipenyo cha milimita 47. Kwa saa 24 zimepita mita 24 za ujazo. Siku ambayo PM2.5 ni 15, kichujio kitakuwa kimeongezeka mikrogramu 360, yaani kama theluthi moja ya miligramu, na chenyewe kina zaidi ya miligramu 100. Mafuta ya ncha ya kidole yanatosha kuivuruga tofauti hiyo. Ndiyo maana mizani inayotakiwa ni ile inayosoma mikrogramu moja, juu ya meza nzito isiyotikisika, mbali na mlango na mbali na upepo wa kiyoyozi.

Mtunza chumba huanza kwa kukitazama kichujio kwenye mwanga kama kina tundu au mkunjo. Kisha hukilaza wazi saa 24 ndani ya chumba chenye nyuzi joto 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40. Katika saa hizo joto lisiyumbe zaidi ya nyuzi 2, wala unyevu zaidi ya asilimia 5. Hukishika kwa koleo ndogo tu. Kabla ya kukiweka kwenye mizani hukiondolea umeme tuli, maana teflon huushika sana: ukiona namba ya mwisho inatembea polepole bila kutulia, ni umeme tuli huo, mizani haina kosa. Kikishapimwa kitumike ndani ya siku 30. Kikirudi kutoka kituoni, kipimwe tena ndani ya siku 10 tangu pampu izimwe, au 30 kama kimehifadhiwa kwenye nyuzi 4 au chini yake, la sivyo baadhi ya chembe hugeuka mvuke na kutoweka. Katika kila vichujio kumi, kimoja kipelekwe kituoni na kurudishwa bila kupitishiwa hewa. Hicho kikiongezeka zaidi ya mikrogramu 30, kuna uchafu unaoingia mahali fulani, na vichujio vya safari hiyo havitumiki mpaka ulikotoka ujulikane.

Umeme ukikatika Jumamosi na kiyoyozi kikazimika, saa 24 zinaanza kuhesabiwa upya Jumatatu. Kwa hiyo jenereta au betri za chumba cha mizani si anasa.

Kosa lisiloonekana kwa macho ni la mtiririko wa hewa. Kinachotenga chembe nene, mara nyingi saikloni (chombo kinachozungusha hewa ili chembe nene zitupwe pembeni), kimeundwa kwa kasi moja tu. Pampu ikichoka, au hewa ikipungua njiani kwa sababu kinywa kimeziba, hewa huzunguka polepole, na chembe nene ambazo zingebaki kwenye saikloni hupenya hadi kwenye kichujio. Wakati huohuo hewa iliyopita ni pungufu kuliko iliyoandikwa. Makosa hayo mawili huvutana, moja likipandisha jibu na jingine likilishusha, na jibu hubaki likionekana la kawaida kabisa. Dawa ni kupima mtiririko kwa mita huru angalau mara moja kwa mwezi. Ukitofautiana kwa zaidi ya asilimia 4, kituo kisimame hadi kirekebishwe. Mara nyingi tatizo ni mpira wa kuzibia uliokauka, kitu kidogo mno ambacho mnunuzi hakukiandika kwenye orodha ya vipuri.

Mashine za kupima kila saa kwa mionzi ya beta ni nzuri, na kila mji mkubwa ungefaa kuwa nayo walau moja. Hupitisha hewa kwenye mkanda na kupima jinsi vumbi linavyopunguza mionzi. Zina chanzo kidogo cha mionzi, kwa kawaida kaboni-14, hivyo kibali kishughulikiwe mapema, isije ikakaa bandarini. Hewa ikiwa safi mashine hizi hutoa hata namba hasi kwa saa moja moja. Watunza data wasizifute: ukifuta hasi na kuacha chanya, wastani wa mwaka unapanda kwa uongo.

Baada ya hayo ndipo vihisi viingie, nasi tutavishangilia. Vyote, kabla ya kutawanywa, vipangwe pamoja kando ya kituo chenye kichujio au mashine ya beta, kwa kimo kilekile na umbali usiozidi mita 4, kwa siku 30 au zaidi. Zoezi lirudiwe msimu wa kiangazi na wa mvua, kwa sababu vumbi na unyevu hubadilika. Huko ndiko fomula ya kwenu itakakopatikana. Kihisi kinachopishana na wenzake kirudishwe kwa muuzaji, na sharti hilo liwemo kwenye mkataba. Viwili vibaki hapo kituoni moja kwa moja kama mashahidi. Vingine virudi kwa zamu kila mwaka, kwa kuwa vumbi hutanda kwenye leza na feni huchoka. Buibui naye hupenda sana kile kitundu cha kuingizia hewa. Uzi mmoja wa utando unaoning'inia mbele ya mwale unaweza kutoa namba ya kutisha siku nzima huku kihisi cha jirani kikisoma hewa ya kawaida. Ukinunua vyenye macho mawili ndani ya boksi moja, utalijua hilo mapema: macho yakipishana sana, namba hiyo isichapishwe.

Kuhusu mahali pa kuvitundika, kinywa cha kuingizia hewa kiwe mita 2 hadi 15 kutoka ardhini, upepo ukifika bila kizuizi kwa robo tatu ya duara, mita 10 au zaidi kutoka kwenye matawi ya miti. Kisiwe juu ya bomba la moshi la jiko wala karibu na jenereta ya jengo lenyewe. Paa la ofisi ya serikali huchaguliwa kwa sababu lina umeme na mlinzi, na hilo linaeleweka, lakini mlinzi huyo akiwasha moto wa takataka chini yake, mji mzima utaonekana unaungua.

Katika kuchapisha, tunaomba data ghafi iwekwe wazi pamoja na iliyosahihishwa, na fomula iandikwe kando yake. Siku yenye saa chini ya 18 za vipimo halali isipewe wastani. Rangi za faharasa ya ubora wa hewa, ile inayogeuza vipimo kuwa alama na rangi, zisichukue nafasi ya mikrogramu: katika faharasa ya Marekani, 100 maana yake ni mikrogramu 35.4, na wananchi wengi wakiona 100 hudhani ni mikrogramu 100. Anayetaka rangi apewe, na namba halisi iwe chini yake.

Tunajua utaambiwa kwamba takwimu za nje zinatosha. Setilaiti huona hewa yote kutoka juu hadi chini, haioni kilichopo kwenye kimo cha pua, na mawingu huizuia kabisa. Kuhusu mashine za wengine, Machi 2025 Marekani ilisitisha kutoa hadharani vipimo vya hewa vya balozi zake, na miji iliyokuwa ikivitegemea ikabaki gizani siku hiyohiyo. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Ikiwa fungu lililopo linatosha vihisi 100 bila mizani, au 30 na mizani, ushauri wetu ni hivyo 30. Kila kimoja kitakuwa na neno la kusimamia. Tuko tayari kukaa na kamati yako ya zabuni kupitia masharti kipengele kwa kipengele, na tungependa kuanza na ukurasa wa vipuri.

Wako kwa heshima,

Wapimaji wa vumbi na chembechembe za hewani