Barua kwa Mwanangu Aliyekabidhiwa Shule

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako kwamba barua ya uteuzi imefika, na kwamba Jumatatu utakabidhiwa ofisi ya Mwalimu Mkuu, tumeupata. Baba yako ameusoma mara tatu, kisha akatoka kuwaarifu majirani kabla mimi sijapata miwani yangu. Nimefurahi sana, na hapo hapo nimeingiwa na wasiwasi wa mtu aliyewahi kukalia kiti hicho. Nimeona nikuandikie, kwa kuwa kwenye simu mimi na wewe huishia kuulizana habari za mahindi.

Ninalotaka kukuambia ni moja: usiache kufundisha. Ofisi itakunyang'anya vipindi kwa adabu, bila wewe kuhisi. Leo utaitwa kikaoni na Afisa Elimu Kata, kesho utaletewa ujumbe kwamba takwimu za madawati zinahitajika kabla ya saa sita mchana, keshokutwa atakuja mzazi, na nyuma yake fundi wa vyoo. Kazi zote hizo ni halali na hakuna atakayekulaumu kwa kuzifanya. Lakini ukifika mwezi wa tatu utagundua kwamba darasa la mwisho ulilolifundisha hulikumbuki.

Hayo yalinikuta mimi. Nilipewa shule mwaka 2002, ulipoanza MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ada ikiwa imefutwa na watoto wamefurika hata darasa la kwanza likasomea chini ya mwembe. Fedha za ujenzi zilikuja kwenye akaunti ya shule, chini ya Kamati ya Shule, nami nikageuka msimamizi wa saruji. Nilijua bei ya bati kuliko nilivyojua ratiba ya shule yangu mwenyewe. Vyumba vilisimama, wageni wakaja, nikasifiwa. Mwaka huo huo watoto wa darasa la nne walifanya vibaya sana kwenye hisabati, nami nikamwita mwalimu wao, kijana aliyekuwa ametoka chuoni, nikamgombeza mbele ya wenzake kwenye kikao. Alininyamazia. Jioni msaidizi wangu alinieleza, kwa upole ambao ulinichoma kuliko matusi, kwamba kijana yule alikuwa amekuja mlangoni kwangu mara mbili kuomba nimwonyeshe namna ya kufundisha mgawanyo mrefu kwa watoto zaidi ya mia, na mara zote mbili nilimwambia arudi kesho, mafundi wananisubiri. Nilimwomba radhi, na nilimwomba mbele ya wale wale walionisikia nikimgombeza, lakini mwaka uliofuata aliomba uhamisho, nami sikuwa na uso wa kumzuia.

Baada ya hapo nilijipangia vipindi vinne vya hisabati kwa wiki, darasa la tatu, nikaviandika kwenye ratiba kuu kwa jina langu ili nikikosekana ionekane kama inavyoonekana kwa mwalimu mwingine. Huwezi kuamini mambo niliyoyajua kwa vipindi vinne tu. Nilijua kwamba chaki huisha wiki mbili kabla ya kuombwa, kwa sababu walimu waliogopa kuja kuomba. Nilijua ni watoto gani husinzia kipindi cha tano kwa njaa. Kisha nikafanya jambo lililonigharimu zaidi: niliwaita walimu watatu waketi nyuma ya darasa, wanitazame nikifundisha, halafu waniambie ukweli. Wawili walinisifu. Wa tatu, mama mmoja mkimya ambaye hata kwenye vikao alikuwa hasemi, aliniambia kwamba kwa kipindi kizima nimewauliza watoto wa madawati ya mbele peke yao. Ilikuwa kweli. Tangu siku ile walimu walianza kuniruhusu niingie madarasani mwao bila kudhani nimekuja kuwakagua, na andalio la somo likaacha kuwa karatasi ya kusainiwa tu.

Ili upate muda huo itakubidi uachilie mengine, na hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa, kwa maana tunadhani kila kitu kikipita mikononi mwetu ndiyo tunaongoza. Mtaaluma wako, yule mwalimu anayesimamia masomo na mitihani, aachiwe taaluma kwelikweli, na mwalimu wa zamu asipinduliwe uamuzi wake mstarini mbele ya wanafunzi. Msaidizi wako apokee wageni na ahudhurie baadhi ya vikao, ila usimrundikie. Nilipostaafu, posho ya madaraka, shilingi 200,000 kwa mwezi, ilikuwa ya mwalimu mkuu, naye msaidizi alibaki na shukrani. Matumizi ya ruzuku yabandike ubaoni, kila mtu asome. Maswali yatapungua na muda utarudi.

Mamlaka ya fimbo, hata hivyo, usiyaachilie. Kanuni zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, tena viandikwe kwenye kitabu. Utakuta walimu wanaochapa kwa mazoea bila kumuuliza mtu. Kila kiboko cha namna hiyo kinachapwa kwa jina lako, na ukiwa umejifungia ofisini hutakisikia.

Ukipata nafasi ya kusoma ADEM, chuo cha uongozi wa elimu kule Bagamoyo, nenda, usingoje watoto wakue. Mambo ya fedha na sheria mimi niliyaokota njiani, na mengine niliyaokota vibaya.

Nimempa dereva wa basi la asubuhi kifurushi chako. Kina kitenge cha siku ya makabidhiano na daftari langu la mwaka 2003, lile lenye jalada lililoliwa na mchwa, ambalo niliandika kila kipindi nilichofundisha na kila nilichokosa pamoja na sababu yake. Sababu nyingi utaziona ni za aibu. Ukishaipitia ratiba ya shule yako, niandikie umechukua darasa lipi na somo gani. Baba yako anasema uchukue la saba ili matokeo yaonekane, mimi nasema la tatu. Tumebishana tangu jana na chai imepoa.

Ni mimi mama yako.