Wageni wanafika getini na nyumba hawana

Mhariri,

Salamu. Mimi ni keateka wa nyumba ya wageni hapa Diani, zile watu wanaita vila, vyumba vinne na bwawa, na kila Disemba kuna kazi sikuandikwa kuifanya lakini naifanya, kumwambia mtu na watoto wake kwamba nyumba aliyolipia sio yake.

Mwaka jana ilikuwa tarehe 23 jioni. Tuktuk mbili zikasimama getini, baba, mama, nyanya na watoto watano, wametoka Nakuru tangu jana yake, treni mpaka Miritini, wakavuka feri Likoni, matatu hadi Ukunda, na wale wadogo washavaa nguo za kuogelea tayari. Baba akanionyesha simu. Picha ni zetu kabisa, bwawa letu, baraza letu, ila kuna mwembe kwenye hiyo picha ambao tuliukata miaka miwili nyuma, kwa hivyo nikajua mtu amezitoa kwa tangazo letu la zamani akatia namba yake chini. Tapeli alimpa baba bei ya shilingi 9,000 kwa usiku wakati sisi msimu huo hatushuki 25,000. Baba akatuma nusu kwa M-Pesa, siku mbili baadaye akaambiwa kuna mgeni mwingine anaitaka nyumba amalizie haraka, akamaliza, 45,000 zote zikaenda.

Nyanya alikaa juu ya sanduku pale nje, hakusema neno. Ndani kulikuwa na wageni wengine, ningewaingiza wapi? Nilipiga simu huku na huku mpaka saa mbili usiku ndio tukapata vyumba viwili kwa mama mmoja Ukunda.

Watu husema hao ni tamaa ya rahisi iliyowaponza. Sikubali hata kidogo. Mtu mwenye watoto watano lazima atafute bei, na tapeli anajua hivyo, ndio maana anamtafuta huyo.

Ninachoomba wasomaji ni hiki: kabla hujatuma hata shilingi 100 mwambie huyo mtu akupigie video, sio ya kurekodi, laivu, asimame barabarani akuonyeshe geti, aingie, aende mpaka jikoni afungue mfereji uone maji yanatoka. Akisema yuko mbali amwambie keateka afanye, maana nyumba ya kweli haikosi mtu wa kuiangalia. Mimi Novemba nafanya hivyo hata mara tatu kwa siku na bando ananunua tajiri wangu, yaani aliyeniajiri, hakuna mwenye nyumba wa kweli atakayekukasirikia kwa hilo. Akianza visababu, ooh netiweki, ooh wageni wamelala, achana naye.

Halafu jina. M-Pesa inakuonyesha jina kabla hujamaliza kutuma, lisome jamani. Yule baba alikuwa anaongea na mwanaume, jina likatokea la mwanamke, akaambiwa ni mhasibu wetu, akatuma. Na kama nyumba umeipata Airbnb lipa huko huko, wao mwenye nyumba hawampi pesa mpaka karibu siku nzima ipite tangu uingie, sasa anayekuvuta WhatsApp ati mkwepe makato anakutoa pale pesa yako ilipokuwa na mlinzi. Leseni pia, nyumba kama hizi zinatakiwa ziwe na ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, lakini usitosheke na picha yake, picha huibwa kama walivyoiba zetu, chukua namba ya leseni upigie ofisi yenyewe uulize.

Ukishaliwa usikae na aibu. Ile meseji ya M-Pesa itume kwa namba 456 hapo hapo kuomba pesa irudishwe, kwa sababu tapeli akishatoa kwa wakala ni vigumu sana kuipata, na zile meseji zake za utapeli zitume kwa namba 333, ni bure. Kisha nenda polisi uandikishe upate namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, sheria ya makosa ya kompyuta tunayo tangu 2018. Yule baba hakutaka kwenda, alisema wataniuliza nilikuwa nafikiria nini. Hilo liliniuma kuliko pesa.

Na wenye nyumba wenzetu, tafuteni matangazo yenu ya zamani huko mtandaoni myatoe. Letu lilikuwa limekaa miaka minne bila mtu kuligusa.

Tajiri ameniruhusu niandike namba ya simu ya nyumba kwenye geti kwa rangi, herufi kubwa, ili mgeni aione kwenye video alinganishe na ile anayoongea nayo. Nimeandika Jumamosi. Naomba barua hii itoke kabla shule hazijafungwa.

Keateka,
Diani, Kwale