Funga daftari kwanza: barua kwa mwanangu aliyeko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Chumbageni, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi hatujambo. Bibi yako anakusalimu, goti lake limetulia tangu mvua zipungue, na kaka yako kila siku anaulizia ile kofia uliyomwahidi.

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Umepata 9 kati ya 20 kwenye testi ya maikroekonomia, na kinachokuuma zaidi ni kwamba mwenzako wa chumbani, ambaye saa nne usiku keshalala, amepata 16. Umeniandikia: "Mama, madesa yote, yaani notsi za masomo, nimeyapitia mara nne, nimekesha, mpaka kalamu ya rangi imeisha wino. Labda kichwa changu si cha chuo kikuu." Sikutaka kukujibu kwa simu kwa sababu kwenye simu ningekubembeleza tu, tukaagana, na Jumatatu ungerudi maktaba kufanya yaleyale.

Habari ya kichwa iweke kando. Mimi nimeyashika hayo maneno yako mengine, "nimeyapitia mara nne". Ugonjwa uko hapo.

Kazi yangu unaijua. Hapa maktaba ya mkoa nawaona wa kila namna: wa kidato cha sita kutoka shule za mjini, na nyinyi wa vyuo mnaokuja wakati wa likizo. Wengi hukaa kitabu wazi, kalamu ya rangi mkononi, wanapiga mistari mpaka ukurasa mzima unageuka njano. Siwaiti wavivu, wanasoma kweli. Ila wakati wa kurudisha kitabu ukimuuliza mmoja, "Haya, leo umesoma nini?" anakitazama kitabu kama anayemwomba mtu amsaidie kujibu. Wachache hufanya vingine. Wanasoma kurasa mbili tatu, wanafunga, wanachukua karatasi tupu na kuanza kuandika. Wanakwama, wanakuna kichwa, wanafungua kutazama walichokisahau, wanafunga tena. Ukiwaangalia kwa mbali utasema hawa ndio hawaelewi kitu, na wale wa mistari ya njano ndio wako raha mustarehe. Lakini matokeo yakitoka, hawa wanaokuna kichwa ndio wanaopita dirishani kwangu kuniambia wamepata nini kabla sijawauliza.

Na jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa chuo kikuu kilichoko St. Louis kule Marekani, walichapisha utafiti wao. Waliwapa wanafunzi habari fupi wasome. Wengine wakairudia kuisoma. Wengine wakaambiwa waandike wanachokikumbuka bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 81, wenzao 75. Lakini waliopimwa baada ya wiki moja, mambo yalikuwa yamegeuka. Waliorudia kusoma walibaki na 42, walioandika kwa kukumbuka walikuwa na 56.

Hizo dakika 5 ndizo zilizokuponza. Usiku ule kabla ya testi ulijiona umeiva, kwa sababu kila ukurasa uliofungua ulikuwa unaufahamu sura. Macho yakikutana na kitu mara ya nne hukitambua upesi, nasi tunadhani tumekijua. Kwenye chumba cha mtihani hakuna cha kutambua, kuna swali na karatasi tupu.

Kinachonishangaza ni kwamba wewe haya si mageni kwako. Juzuu Amma uliihifadhi kabla hujaweza kuandika insha. Maalim wenu hakuwaambia msome msahafu mara nne muende nyumbani. Aliufunga, akasema "soma", ukikwama anakuanzishia, unaendelea. Kesho yake, kabla ya somo jipya, la jana kwanza. Na kabla ya mapumziko ya Ijumaa mnasikilizwa ya wiki nzima, huku wengine mnatamani mngejificha uvunguni. Leo ukiamshwa usiku wa manane Surat An-Naba utaisoma yote. Sasa ulipofika Mlimani ile njia uliiacha kwa nini? Najua utaniambia uchumi haukaririwi, na hapo uko sahihi kabisa. Kuhifadhi ni neno kwa neno, uchumi unataka sababu. Lakini utaratibu ni uleule: funga, toa kilichomo kichwani, sahihisha, rudi kesho, rudi tena baada ya siku kadhaa. Badala ya aya, unachokitoa ni maelezo kwa maneno yako mwenyewe.

Hili la kurudi baada ya siku kadhaa nililisoma nilipokuwa chuo cha ukutubi Bagamoyo, katika vitabu vya saikolojia ambavyo havikuwa hata sehemu ya mitihani yetu. Kulikuwa na Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha kazi yake mwaka 1885. Alijifanyia majaribio yeye mwenyewe, akihifadhi orodha za silabi zisizo na maana yoyote (kazi ya kuchosha hiyo, mimi nisingeiweza). Aliona kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawasawa na marudio 68 ya siku moja. Hesabu mwenyewe jasho alilookoa kwa kutawanya tu, bila kuongeza akili wala muda.

Kwa hiyo jioni ya siku uliyokuwa na kipindi, kabla hata hujafungua madesa, chukua dakika kumi uandike lekchara alisema nini na kwa sababu gani. Utakachokosa ndicho cha kwenda kukitafuta. Rudia keshokutwa, na tena mwisho wa wiki. Kwenye daftari acha nafasi pana upande wa kushoto wa kila ukurasa, na humo andika maswali ambayo maelezo ya kulia yanayajibu. Mtindo huu aliueneza Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell tangu miaka ya 1950. Ukitaka kujipima unafunika kulia kwa karatasi na kujibu ya kushoto. Daftari lenyewe linakuwa maalim wako.

Hisabati na takwimu ni habari nyingine kidogo. Umesema unapitia "solushen" za maswali ya miaka iliyopita. Kusoma swali lililokwisha kufanywa na mtu mwingine hakukufundishi kulifanya. Ficha jibu, hangaika nalo walau robo saa, ndipo utazame, na ukishatazama ficha tena ulifanye lote kuanzia mwanzo. Changanya pia. Ukifanya maswali kumi ya mada moja mfululizo, kuanzia la tatu unajua kanuni itakayotumika hata kabla hujamaliza kulisoma, ilhali mtihani hautakuambia swali hili ni la mada gani.

Umelalamika pia muda hautoshi. Nimekufanyia hesabu. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, vipindi na kusoma mwenyewe vyote vikiwemo, na mwaka mzima wa masomo ni krediti 120. Semista moja basi ni krediti 60, yaani saa 600. Ukizigawa kwa wiki 15 za masomo unapata saa 40 kwa wiki. Ni saa za mtu aliyeajiriwa ofisini, na mtu wa ofisini hakeshi kazini. Ukizianza wiki ya kwanza, kukesha kunakuwa hakuna sababu. Wanaokesha ni wale wanaotaka saa 600 ziingie kwenye wiki mbili za mwisho.

Na kukesha kwenyewe kunakula kile ulichokisoma. Usingizi ndio wakati ubongo unapoyapanga na kuyashikiza mambo ya mchana. Huyo mwenzako anayelala saa nne si mchawi. Muulize saa kumi na moja alfajiri, baada ya swala, anafanya nini.

Kuhusu disikasheni za usiku pale kwenye madarasa ya Yombo, sina uhakika zinakusaidia. Zinafaa pale kila mmoja anapokuja ameshasoma na ana jambo asilolielewa. Kama mmoja anafundisha na saba wanaitikia, aliyesoma usiku ule ni huyo mmoja. Basi jitahidi uwe wewe unayeeleza, hata kwa kukosea, wenzio wakurekebishe. Simu ibaki kwenye begi. Hilo sitalirefusha, unanijua.

Kuna jambo moja naona lina uzito kuliko unavyofikiri. Umesema hukuelewa kwa nini swali la tatu umepewa sifuri, lakini kwa lekchara hukwenda. Mwanangu, huku kwetu tumekulea mtoto anyamaze mkubwa anapozungumza, na malezi hayo siyajutii. Lakini lekchara ana saa zake za kuonana na wanafunzi, zimebandikwa mlangoni, na ni sehemu ya kazi yake. Nenda na karatasi yako ya testi. Msalimie kama unavyomsalimia mjomba wako, halafu sema: "Mwalimu, hapa niliandika hivi kwa sababu hii. Nilipotea wapi?" Usiende kuomba alama. Anayekwenda kuomba alama na anayekwenda kuuliza alipopotea hupokelewa tofauti, na wanajulikana tangu wakiwa mlangoni. Tena nenda mapema, usingoje wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa semista, ambapo foleni inafika ngazini.

Sasa hiyo 9. Koswek, yaani testi na kazi za semista, ni 40, mtihani wa mwisho 60, na testi hii ilikuwa 20 katika hizo 100. Zimebaki 80. A inaanzia 70, kwa hiyo unahitaji 61 katika hizo zilizobaki. Si kazi ndogo, sikudanganyi, lakini mlango haujafungwa. Hata ukipata 51 ni B+, na B+ ni alama nne katika GPA, ule wastani wa masomo yako yote. Tazama vilevile kozi ipi ina krediti nyingi, kwa sababu kwenye GPA ndiyo inayovuta zaidi. DS, somo la maendeleo, nayo usiidharau kwa kuwa kila mtu anasema ni ya kupita tu. Wapo waliochukua sapu, yaani kurudia mtihani, kwa somo walilosema ni la kupita tu.

Baba yako anasema nikuulize boom, pesa ya mkopo wa chuo, limeingia au bado. Mimi nakuambia kama limeingia, lipa deni la mama ntilie kwanza kabla hujaniambia habari za viatu.

Kuna kifurushi kinakuja na basi la Jumamosi, kakipokee stendi ya Magufuli pale Mbezi, usimtume mtu. Ndani kuna dagaa wa kukaanga, achari ya embe ya bibi yako, na bunda la karatasi nyeupe. Karatasi ni za kazi niliyokueleza, usizifanyie barua za watu.

Jumapili baada ya Alasiri nipigie. Daftari liwe limefungwa. Nataka unieleze kile kilichokukosesha swali la tatu: kwa nini chumvi ikipanda bei mama zako huku Tanga bado wanainunua ileile, lakini machungwa ya Muheza yakipanda kidogo tu wanayaacha wanahamia kwenye ndizi. Na uniambie muuza machungwa afanye nini na bei yake msimu ukiwa umekwisha. Mimi uchumi siujui, kwa hiyo nitauliza maswali ya kijinga. Usinikatie simu.

Mama yako