Siku ya taka hatarishi: tumpate kwanza wa kuzipokea

Ndugu Mhariri,

Tulipokuwa tunasafisha stoo ya marehemu baba, mdogo wangu alitoa chupa ya soda iliyojaa nusu. Kilichokuwamo kilikuwa cha manjano iliyofifia, kifuniko kimelika pembeni, na chupa haina lebo yoyote. Aliinusa mara moja tu, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Tuliirudisha rafuni palepale, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyejua pa kuipeleka.

Ndiyo maana nimefurahi sana kusikia majirani wakizungumzia siku ya kukusanya taka hatarishi za majumbani. Naunga mkono kwa moyo wote, ila nina ombi: tarehe isitangazwe kabla hatujapata, kwa maandishi, kampuni yenye kibali itakayozichukua taka hizo jioni ileile na kutuambia inazipeleka wapi. Bila hilo tutakuwa tumehamisha hatari kutoka stoo mia moja na kuirundika uwanja mmoja.

Taka zenyewe kila nyumba inazo: mabaki ya dawa ya wadudu na ya panya, rangi ya mafuta na thina, oili chafu, betri, taa za mirija, kipimajoto cha zamani cha zebaki. Nyingi huishia mtaroni au kwenye pipa la kawaida. Betri ya lithiamu iliyotoka kwenye simu mbovu ikibanwa ndani ya gari la taka inaweza kulipuka moto, na wanaokuwa karibu nayo ni wale vijana wanaotuzolea taka kila wiki. Hao nawafikiria kuliko mtu mwingine yeyote. Zebaki nayo haipotei ikishamwagwa. Kule Minamata, Japani, ugonjwa uliogunduliwa rasmi mwaka 1956 ulitokana na zebaki ya kiwanda iliyoingia baharini, ikaingia kwenye samaki, kisha kwa waliowala. Mkataba wa kimataifa wa zebaki wa 2013 umepewa jina la mji huo. Taa moja ina zebaki kidogo sana, lakini hakuna nyumba yenye taa moja tu.

Siku yenyewe, kazi kubwa iko kwenye meza ya kupokelea. Hapo lazima awepo mtu anayeijua kemia, siyo vijana wa kujitolea peke yao, hata wawe na moyo kiasi gani. Dawa ya kupaushia nguo ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kama silaha kwenye Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1915. Klorini ya unga ya kutibia bwawa la kuogelea ikigusana na oili inaweza kushika moto bila kiberiti. Kwa hiyo asidi ikae kwake, vya kupaushia kwake, mafuta na rangi kwake, na mchanga mkavu uwe karibu.

Wananchi nao waambiwe mapema, kwa maneno machache: lete kitu kwenye chombo chake cha asili, kikiwa kimesimama ndani ya boksi, na vyombo viwili usivimiminie kimoja eti kupunguza mzigo. Ncha za betri za lithiamu zifunikwe kwa utepe wa plastiki. Risasi za bunduki, mitungi ya gesi na sindano za hospitali zina njia zake nyingine, visiletwe.

Kuhusu gharama, wachukuzi wengi hutoza kwa uzito na aina. Rangi ya maji ikikaushwa kwa mchanga kwa kawaida si taka hatarishi, basi ibaki nyumbani. Betri za magari na oili chafu zina wanaozirejeleza, hivyo zitengwe tangu getini. Watu wakijiandikisha wiki mbili kabla na kutaja walichonacho, mchukuzi atajua alete mapipa mangapi, nasi tutajua bili kabla haijatufikia.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Vituo vingi hukataa chupa isiyojulikana kilichomo. Nawaelewa, kwa kuwa kuipima ni gharama na kuibeba ni hatari. Lakini chupa hizo ndizo watoto huzidhania soda. Nawaomba waandaaji wakubaliane na mchukuzi kuhusu chupa hizo kabla ya kusaini chochote, hata kama ada itapanda. Ya kwetu nimeisimamisha ndani ya ndoo ya mchanga, juu ya kabati ambako watoto hawafiki, nikaiandikia kwa kalamu nene: HAIJULIKANI, USIFUNGUE. Siku ikipangwa nitaileta mwenyewe.

Msomaji wako